Nilicheka jini la mwenzangu redioni, sasa natengeneza sinema yangu. Nishaurini

Mkesha_Umoja:
Wadau, hamjambo. Nina kipindi cha redio hapa Nairobi, kila Ijumaa saa nne usiku, nachambua sinema za kutisha. Saa nne kwa sababu kanuni za utangazaji zimetenga saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kwa vipindi vya kusikilizwa na familia nzima. Nachambua za ng'ambo na hizi zetu za River Road, na mdomo wangu hauna breki, nakubali.

Mwaka jana nilisema jini wa sinema fulani ni kama shemeji aliyejifunika shuka akitafuta choo usiku. Watu walivunjika mbavu, klipu ikazunguka WhatsApp wiki nzima. Prodyuza wake hakucheka.

Sasa nimeandika yangu, dakika 22. Mlinzi wa usiku kwenye ghorofa ambalo halijaisha kule Kayole. Kila usiku akihesabu orofa, imeongezeka moja. Mpiga picha ninayemtaka hufanya kazi na yule prodyuza. Nilipompigia alinijibu, "Kaka, si wewe ndiye mjuaji? Jipige mwenyewe."

Niache uchambuzi? Niombe msamaha? Kipindi ndicho kinalipa kodi ya nyumba, kwa hivyo msiniambie "acha" tu.

Otis_wa_Kaloleni:
Tunangoja kuhesabu shemeji kwenye yako 😂

ShangaziTaa:
Mwanangu, nimebeba taa kwenye seti miaka mingi, na kile kipindi nilikisikia. Kosa lako si kukashifu. Kosa ni kwamba ulicheka shuka ukaishia hapo. Yule jini alimulikwa kwa taa moja kutoka mbele, ndiyo maana kila mkunjo wa shuka ulionekana, hadi pindo la cherehani. Taa ingewekwa nyuma yake tungeona umbo jeusi tu, akili zetu zingemalizia. Ungesema hivyo, msikilizaji angejifunza na prodyuza angekasirika siku mbili halafu akutafute.

Mpigie yeye mwenyewe, si mpiga picha wake.

Karani_wa_Filamu:
Nyinyi mnagombania shuka, mimi nauliza: leseni unayo? Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni kabla ya kupiga picha. Kabla ya kuonyesha hadharani, Bodi ya Uainishaji wa Filamu lazima iipange daraja. Ikipewa 18, sahau kuionyesha shuleni.

Na hakimiliki usiipuuze. George Romero alitengeneza Night of the Living Dead mwaka 1968 kwa dola kama 114,000. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, maana picha ni nyeusi na nyeupe. Jina la sinema lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki likaachwa nje. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, ikawa mali ya kila mtu. Wengine walivuna jasho lake.

Otis_wa_Kaloleni:
Chokoleti? Na sisi tunanunua rangi ya keki.

Mkesha_Umoja:
Leseni naishughulikia, Karani, asante.

Shangazi, jana usiku stima zilipopotea nilimfunika mdogo wangu shuka nikamsimamisha mwisho wa korido, tochi ya simu nyuma yake kwenye ndoo. Kwanza nikacheka. Halafu akaacha kutikisika, mwanga ukapenya kwenye mabega tu, nikasahau jina lake. Mama wa nyumba ya pili akatokea na jagi la maji. Jagi limevunjika.

Ijumaa nitairudia ile sinema hewani, safari hii nizungumzie taa. Prodyuza nimempigia asubuhi. Amesema atasikiliza kwanza, ndipo tuongee.

ShangaziTaa:
Vizuri. Na jagi la mama umelipa?

Mkesha_Umoja:
Mwisho wa mwezi, Shangazi.