Acheni kuandika kwamba gofu ya ridhaa ya wanawake Marekani ilianza Augusta 2019. Mnafuta miaka 124!

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nimelivumilia muda mrefu, leo nalisema.

Kila Masters, yale mashindano makubwa ya wanaume kwenye klabu ya Augusta National, Georgia, ikikaribia na yale ya wanawake wa ridhaa palepale Augusta yakianza kuoneshwa kwenye runinga, makala zilezile zinamiminika: eti wanawake wa ridhaa hatimaye wamepata jukwaa, eti mlango umefunguliwa, eti historia imeanza. Mlango upi? Klabu iliyokaa bila mwanachama mwanamke hata mmoja mpaka Agosti 2012 ndiyo inapewa sifa ya kuwafungulia wanawake mlango? Na hata hayo mashindano yenyewe, raundi mbili za kwanza zinapigwa uwanja mwingine kabisa, Champions Retreat. Augusta wanaikanyaga kwa ushindani siku moja tu, mashimo 18, tena wale waliovuka mchujo. Jennifer Kupcho alishinda mwaka ule wa kwanza, 2019, na alistahili kila pongezi aliyopewa. Sina neno naye. Ninaowasema ni wanaoshika kalamu.

Wanawake wa Marekani wana ubingwa wao wa taifa wa ridhaa, U.S. Women's Amateur, tangu 1895. Narudia, 1895. Ni moja kati ya mashindano matatu ya kwanza kabisa ya USGA, chama cha gofu cha Marekani, chenyewe kikiwa hakijatimiza hata mwaka.

Lakini angalia simulizi inavyokwenda kila mahali. USGA ikaundwa Desemba 1894. Oktoba 1895 pale Newport, Charles B. Macdonald akatwaa ubingwa wa ridhaa wa wanaume, na uwanja uleule Horace Rawlins akachukua U.S. Open ya kwanza. Hapo msimulizi anaruka moja kwa moja hadi Bobby Jones, yule nguli wa gofu ya ridhaa wa miaka ya 1920. Novemba ya mwaka huohuo, klabu ya Meadow Brook kule Hempstead, jimbo la New York, wanawake 13 walikwenda kugombea ubingwa wa nchi. Walicheza mashimo 9, wakapumzika kula mchana, wakarudi kumalizia 9. Aliyeshinda ni Lucy Barnes Brown wa klabu ya Shinnecock Hills: mikwaju 69 asubuhi, 63 mchana, jumla 132.

Najua mtu atakuja hapa kucheka hiyo 132, maana kwenye gofu mikwaju michache ndiyo bora. Nilishaona ikichekwa. Basi kabla hujacheka, vaa sketi inayofika kwenye vifundo vya miguu, juu yake blauzi ya kubana, shika fimbo ya mpini wa mti, na upige mpira wa gutapecha, ule wa utomvu mgumu, kwa sababu mpira wenye kiini cha nyuzi za raba zilizosokotwa ulipata hataza 1899. Nyasi hazikukatwa kwa mashine tunazozijua leo. Na mchezo wenyewe ulikuwa bado mgeni nchini kwao. Aliyecheza mchana vizuri kuliko asubuhi kwa mikwaju 6 katika hali hiyo alikuwa mshindani haswa.

Sasa fungua orodha za zamani za mabingwa umtafute. Humwoni. Unamkuta "Mrs. Charles S. Brown". Mumewe hakupiga mkwaju hata mmoja siku ile, lakini jina lililoingia kwenye kumbukumbu ni la mumewe! Bingwa wa kwanza wa taifa, na vizazi vimesoma jina la mtu ambaye hakuwamo hata kwenye mashindano. Hili linanichoma kuliko yote.

Mwaka uliofuata, 1896, ubingwa ukaenda Morris County Golf Club, Morristown, New Jersey. Hii klabu ilianzishwa na wanawake, 1894. Wao ndio waliokuwa viongozi, wanaume wakapewa uanachama wa pembeni. Haikuchukua muda wanaume wakaitwaa. Sijaona makala hata moja kati ya hizi za "mlango umefunguliwa" inayokumbuka kwamba kulikuwa na klabu ambayo wanawake waliijenga wenyewe na ikachukuliwa mikononi mwao.

Hapo Morristown ndipo Beatrix Hoyt alipotwaa ubingwa akiwa na miaka 16. Akautetea 1897, akautetea tena 1898. Mpaka leo waliobeba mara tatu mfululizo ni 5 tu: Hoyt, Alexa Stirling, Glenna Collett, Virginia Van Wie na Juli Inkster. Hoyt aliacha mashindano akiwa na miaka 20. Na kombe alilopewa, lililotolewa na Robert Cox, mbunge kutoka Edinburgh, ndilo kongwe kuliko makombe yote ya USGA yaliyosalia, kwa maana kombe la wanaume wa ridhaa liliungua kwenye moto wa klabu ya East Lake, Atlanta, 1925. Kombe kongwe la gofu ya Marekani ni la wanawake. Lini mmesoma hilo kwenye makala?

Nikitaja East Lake lazima nimtaje Alexa Stirling, kwa sababu alikulia palepale pamoja na Bobby Jones. Utotoni mwao kulifanyika kashindano ka watoto ka mashimo machache, na kikombe kidogo akapewa Jones. Jones mwenyewe alipokua aliandika kwamba anaamini siku zote aliyeshinda ni Alexa. Mtoto wa kiume amekiri kwa mkono wake! Stirling akaja kuwa bingwa wa taifa 1916, vita vikasimamisha mashindano miaka miwili, yaliporudi akashinda tena 1919 na 1920. Ila kwenye masimulizi anatokea kama "rafiki wa utotoni wa Bobby Jones", basi.

Halafu Collett. Jamani, Glenna Collett! Mara 6: 1922, 1925, 1928, 1929, 1930 na 1935. Hakuna mwanamke aliyefika hapo kabla yake wala baada yake. Mwaka 1930 dunia nzima inaujua kwa Jones na mataji manne makubwa aliyoyatwaa mwaka huo mmoja. Mwaka huohuo Collett alibeba ubingwa wake wa tatu mfululizo, wa tano kwa jumla, na simulizi ya 1930 inapita kama hayupo.

Hata kushindwa kwake kuna cha kusimuliwa. Mwaka 1924 alicheza mechi 60 akapoteza moja. Hiyo moja ilikuwa nusu fainali ya ubingwa huu, nyumbani kwao Rhode Island, dhidi ya Mary K. Browne. Browne alikuwa bingwa wa tenisi, na msimu uleule alikuwa amefika nusu fainali ya ubingwa wa tenisi wa Marekani. Mechi hizi huhesabiwa kwa idadi ya mashimo unayomshinda mwenzako; yao ikafungana, wakaongeza shimo la 19. Browne akausukuma mpira wake kuelekea shimoni, ukaenda kugonga mpira wa Collett uliokuwa umelala karibu, ukakata kona, ukatumbukia. Mechi imekwisha. Ingekuwa ni wanaume wawili waliocheza shimo lile, tungelisimuliwa kila mwaka mpaka tulichoke.

Na 1935, Collett ana miaka 32 na watoto wawili, fainali iko Interlachen, Minnesota, nyumbani kwa Patty Berg aliyekuwa na miaka 17 na umati wote uko upande wake. Collett akamfunga kwa mashimo 3 yakiwa yamebaki 2. Kumbukumbu za mwaka ule? "Mrs. Edwin H. Vare Jr.", jina la mumewe tena. Mpaka tuzo ya mchezaji mwenye wastani bora wa mikwaju kwenye LPGA, ligi ya wanawake wa kulipwa, inaitwa Vare Trophy. Kila mwaka mnaitangaza, na wengi mnaoitangaza hamjui Vare ni nani.

Nisiwaache pia wanaodhani wanawake wote walipokelewa sawa. Ann Gregory wa Gary, Indiana, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kucheza mashindano haya, 1956, pale klabu ya Meridian Hills, Indianapolis. Hiyo ni miaka 5 kabla ya PGA, chama cha wachezaji gofu wa kulipwa, kufuta kifungu chake cha "Wazungu tu". Kwao Gary, watu Weusi waliwekewa uwanja wa mashimo 9 na kuzuiwa ule wa 18. Yeye akaenda kwenye ule wa 18, akawaambia kodi yake ndiyo inayoutunza, na akacheza. Mwaka 1959 ubingwa ukawa kwenye klabu ya Congressional, karibu na Washington. Akaruhusiwa kucheza, lakini kwenye chakula cha jioni cha wachezaji akakatazwa kuingia. Mshiriki halali wa ubingwa wa taifa! Mwaka mwingine mchezaji mwenzake alimdhania mtumishi, akamwagiza hanga ya nguo. Gregory hakuacha. Mwaka 1971 alimaliza wa pili katika ubingwa wa taifa wa wanawake wakongwe, nyuma kwa mkwaju mmoja tu, na aliyemzidi ni Carolyn Cudone, yuleyule aliyemtoa raundi ya kwanza 1956. Miaka 15 kati ya mechi hizo mbili, na hakuna anayeiandika.

Miaka ya karibuni mnayo kwenye kumbukumbu, sitaiandika yote. Kimberly Kim alikuwa na miaka 14 mwaka 2006 pale Pumpkin Ridge, nyuma kwa mashimo 5 kwenye fainali, akashinda kwa moja. Lydia Ko alibeba 2012. Rose Zhang 2020 alihitaji mashimo 38 kumtoa bingwa mtetezi Gabriela Ruffels. Haya yote ni kabla au nje ya Augusta.

Ninachotaka ni hiki. Ile sentensi ya "kwa mara ya kwanza wanawake wa ridhaa wana mashindano makubwa" ifutwe kwenye kila makala iliyomo, na aliyeiandika aweke 1895 na Meadow Brook. Orodha ya mabingwa ianze na Lucy Barnes Brown, kwa jina lake. Mwaka 1930 ukitajwa, Collett atajwe pamoja na Jones. Na anayesema nimekosea tarehe au matokeo yoyote humu, aniletee hapa chini, tuanze moja baada ya jingine.