MJADALA: Televisheni inatuonyesha farasi akishinda tu. Aliyemlisha yuko wapi?

Mleta mada, Nyegezi

Wakuu, najua wapo watakaosema Mwanza na farasi wapi na wapi. Kweli, farasi hatuna, ila kumtazama tunamtazama kila siku. Piteni jioni kwenye kibanda umiza chochote kuanzia Mabatini mpaka Igoma. Kama si tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, ni filamu ya vita ya Kikorea. Ukiingia banda la kubeti la jirani, ukutani kuna farasi wa kompyuta, mbio moja haijapoa nyingine imeanza. Olimpiki nayo ikifika tunaletewa farasi wa Ulaya wakiruka vizuizi mbele ya majumba ya kifalme. Mtoto wa mji huu atamwona farasi kwenye kioo mara nyingi mno kabla ya kumwona kwa macho, na pengine hatamwona kabisa. Anachokijua juu ya mnyama huyu ni kile alichoambiwa na televisheni.

Na mimi nasema televisheni haimwambii kweli. Inamwonyesha farasi kama pikipiki yenye miguu minne. Shujaa anarukia mgongoni, anakwenda shoti usiku kucha, anashuka mlangoni, anaingia ndani. Hakuna anayempa farasi maji. Asubuhi anampanda tena. Hata sauti ni ya kubandika: vishindo vya kwato vinatengenezwa studio, zamani kwa vifuu vya nazi, na farasi wa filamu analia kila akitokea, wakati farasi halisi anayekimbia kwa kawaida unasikia pumzi na kwato tu.

Kinachoachwa nje ni kingi. Farasi mzima ana uzito wa kilo 500 hivi. Anakunywa lita 30 na zaidi kwa siku, na tumbo lake limeumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi. Hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo likimsokota anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kwato zake zinahitaji kuchokolewa kila siku, na aliyevishwa viatu vya chuma hubadilishiwa au kurekebishiwa kila baada ya wiki 6 mpaka 8. Nyuma ya kila anayevishwa medali yuko mtu aliyeamka alfajiri kuzoa kinyesi na kubeba ndoo. Huyo kamera haimjui.

Swali langu: vituo vyetu ndivyo vinavyonunua vipindi hivi, vinavitafsiri na kuviwekea watangazaji. Je, vina wajibu wa kutueleza yaliyo nyuma ya mchezo, au kazi yao ni kurusha kilicholetwa? Mimi nasema wajibu wanao.

Kijana wa Mabatini

Mkuu, naomba tutofautiane. Nashinda Mwaloni nashusha magunia ya dagaa tangu asubuhi. Jioni natoa jero yangu, nakaa kwenye benchi, nataka kuona jemadari anaingia mjini juu ya farasi mweusi. Nikitaka somo la mifugo nitamtafuta bwana mifugo. Mpira tunaangalia dakika 90 na hakuna anayedai aonyeshwe anayefua jezi.

Halafu hao farasi wa kompyuta unaowalaumu ndio wenye nafuu kuliko wote. Hawana tumbo la kusokota, hakuna anayewapiga, wala hakuna anayevunjika mguu. Kama hoja yako ni mateso ya mnyama, ungeanza kwa kuwasifu.

Mleta mada, Nyegezi

Mdogo wangu, hoja ya kompyuta nimeipokea kwa upande mmoja: pale hakuna anayeumia. Lakini jicho linazoea. Ukishaona farasi elfu ambao hawatoki jasho, ukikutana na anayetoka jasho hutajua kwamba amechoka. Na jezi haisikii maumivu, mnyama anasikia.

Nikupe mfano wa kamera ilipoonyesha yote. Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo, ule mchezo wa fani tano kwa wanawake. Utaratibu wake ulikuwa kwamba mshindani anapewa farasi kwa kura, anakaa naye dakika 20 tu, kisha wanaingia uwanjani kuruka. Mjerumani Annika Schleu ndiye aliyekuwa anaongoza. Akapangiwa farasi anayeitwa Saint Boy, ambaye tayari alikuwa amegoma kwa mshindani aliyetangulia. Farasi akakataa kuruka, mpandaji analia, anamchapa, na kocha pembeni anahimiza achapwe zaidi. Kocha mwenyewe akampiga farasi ngumi, na akafukuzwa kwenye mashindano. Dunia nzima iliona. Kabla mwaka haujaisha shirikisho la mchezo huo liliamua kupanda farasi kutolewe baada ya Paris 2024. Los Angeles 2028 washindani watapita kwenye vikwazo kwa miguu yao wenyewe.

Mfano wa pili ni Grand National, mbio za farasi za kuruka vizuizi za Aintree kule Liverpool zinazokimbizwa tangu 1839. Farasi akianguka vibaya, desturi ni kumzungushia skrini za kijani ili watazamaji wasione. Mwaka 2011 walikufa wawili, vizuizi viwili vikapitwa kando bila kurukwa kwenye mzunguko wa pili, na kamera ya juu ikawaonyesha wamelala chini ya maturubai huku wenzao wakipitishwa kando. Watu wakapiga kelele. Baadaye mbao ngumu ndani ya vizuizi zikaondolewa, zikawekwa plastiki laini, na tangu 2024 wanaoruhusiwa kukimbia ni 34 badala ya 40. Kamera ikifunguka, mambo yanabadilika. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba televisheni ni burudani tu.

Mzee wa Ukerewe

Nimewasoma wote. Mleta mada, kilio chako ni cha haki ila umekipeleka msibani kwa watu. Kamera kuja siku ya kishindo na kuondoka hatujafundishwa na farasi. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu zaidi ya 220, tuliona kamera za kila namna. Kabla ya hapo, nani alikuwa amekaa na abiria gatini kuonyesha tunavyosongamana? Baada ya hapo, nani alibaki na wajane? Mvuvi wa hapa anatoka jioni, analala majini, anarudi na sangara ambaye mnamla huko mjini, na televisheni haimjui mpaka azame.

Kama kituo kina dakika za kueleza yaliyo nyuma ya pazia, kianze na mtumbwi. Farasi wa Mzungu ana watetezi wake.

Mleta mada, Nyegezi

Shikamoo mzee. Kuhusu Ukara sina la kuongeza, na kuhusu mvuvi nakuunga mkono mia kwa mia. Ila mtumbwi na farasi havigombanii dakika zile zile. Farasi tayari amepewa saa nzima hewani, mimi naomba ndani ya saa hiyo yake aelezwe kwa ukweli. Hao wanaorusha zile saa wakikataa kueleza ukweli wa farasi, kwa mvuvi hawatakuja kabisa.

Daktari wa mifugo, Misungwi

Mwangaluka wakuu. Hili la "farasi wa Mzungu" nilisahihishe, kwa sababu nadhani hapo ndipo televisheni imeharibu zaidi.

Farasi ni wachache Kanda ya Ziwa kwa sababu ya magonjwa. Wa kwanza ni nagana, unaoletwa na mbung'o. Ukivuka kwenda mapori ya Geita na Biharamulo utawakuta mpaka leo. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeonyesha uhusiano wa mbung'o na nagana miaka ya 1890, akifanya kazi Zululand, Afrika Kusini, na baadaye, 1903, akaja upande wa Uganda wa ziwa letu kuchunguza malale ya binadamu. Wa pili ni tauni ya farasi ya Afrika, inayoenezwa na visubi wadogo wanaouma usiku. Farasi asiyechanjwa akiipata, mara nyingi hafiki mbali. Pundamilia anaibeba bila shida, punda naye huvumilia. Ndiyo maana punda amebaki kwetu na farasi hakubaki.

Palipokosekana wadudu hao, au palipokuwa na baridi au ukame wa kutosha, Waafrika wanapanda farasi tangu zamani. Lesotho kijana wa milimani anakwenda dukani kwa farasi. Kano, Nigeria, sherehe ya Durbar ya wapanda farasi waliovaa mavazi ya rangi iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2024. Senegal mikokoteni ya farasi inabeba abiria na mizigo mpaka mijini, na mbio za farasi wanazipenda sana. Hapo Nairobi kuna uwanja wa Ngong tangu 1954. Dar polisi wana kikosi cha farasi. Sasa niambieni, ni lini mmeketi mkaona kipindi cha Lesotho kwenye televisheni yetu? Mtoto anaona jumba la kifalme la Versailles kule Ufaransa, hamwoni Msotho, kisha anakua akiamini mwenye ngozi yake hakuwahi kushika hatamu.

Dada wa Bwiru

Daktari ahsante, hilo sikulijua.

Mimi nina tofauti kidogo na mleta mada. Binti yangu aliona kuruka vizuizi Paris 2024, akasimama katikati ya sebule hajakaa mpaka ikaisha. Urembo ule ndio uliomvuta. Ukianza na kinyesi na kuvunjika miguu, mtoto ataondoka kabla hujafika kwenye mapenzi. Kwa hiyo msiwaondolee uzuri wao.

Ninachodai ni mtangazaji anayejua kitu. Binti aliniuliza mbona wanaume na wanawake wanashindana pamoja. Mtangazaji tuliyekuwa tunamsikiliza hakusema neno, alikuwa anasoma majina na nchi. Nikatafuta mwenyewe. Kumbe mpaka 1948 fani ya farasi wa mwendo wa madaha kwenye Olimpiki ilikuwa ya wanaume tu, wengi wao maofisa wa jeshi. Mwaka 1952 kule Helsinki ndipo wanawake wakaruhusiwa, na mwaka huo huo Lis Hartel wa Denmark akachukua medali ya fedha. Huyu mama alikuwa amepooza chini ya magoti kwa polio, anasaidiwa kupanda na kushuka. Nina mpwa wangu anayetembea kwa magongo kwa polio. Habari ya dakika moja tu, na ingemfikia yeye pia sebuleni pale. Ilinikera sana.

Niliyetunza farasi Arusha

Mimi ni mzaliwa wa Magu, nilifanya kazi zizini Arusha kwenye shamba linalopandisha watalii. Niwaeleze kitu kimoja tu, kwato.

Unasimama begani kwa farasi, uso wako ukielekea mkiani. Unapitisha mkono kutoka begani kushuka mguuni taratibu, hukurupuki. Anayekuamini ananyanyua mguu mwenyewe kabla hujafika chini. Unaupumzisha mkononi, unachukua kile kichokoo cha chuma, unatoa tope na mawe kutoka kisiginoni kwenda mbele, ukikwepa pale katikati palipo laini. Wakati wa masika unanusa. Kwato ikianza kuoza inatoa harufu usiyoweza kuisahau, na ukiiwahi siku hiyo umemwokoa. Muda wote huo unaangalia masikio. Yakilala nyuma, simama.

Siku moja walikuja watu wa kupiga picha za televisheni. Nilikuwa nimemshika farasi jike aliyekuwa na wasiwasi na ile mitambo, mkono wangu uko shingoni kwake. Wakaniambia nitoke kwenye picha. Nikawaambia nikitoka hatatulia. Wakasisitiza. Nikatoka, akavuta kamba, mgeni aliyekuwa juu akateleza akashika manyoya. Kile kipande wakakikata. Kilichorushwa ni mgeni akitabasamu na mlima nyuma.

Kwa hiyo mleta mada hajatia chumvi.

Kijana wa Mabatini

Kaka wa Magu umenigusa, hilo la kuambiwa utoke sio sawa hata kidogo. Bado nina maswali mawili. La kwanza, mnataka tuonyeshwe farasi akifa mbele ya watoto? La pili, hivi vipindi vya michezo matangazo yake mengi ni ya kubeti. Nani atalipia dakika za mtunza zizi?

Daktari wa mifugo, Misungwi

La kwanza najibu mimi. Hakuna haja ya kuonyesha damu. Sema tu: farasi namba fulani ameanguka, amevunjika, ameuawa ili asiteseke. Sentensi moja. Kinachodhuru ni kumfunika kwa skrini na kuendelea kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Na kwa kuwa umeuliza, faida yake iko kwenye barabara ya Misungwi. Kila wiki nashonea punda mabega. Kamba ya katani imefungwa moja kwa moja juu ya ngozi, mzigo wa mkaa au madumu ya maji nyuma, na fimbo juu. Gunia kuukuu likikunjwa na kuwekwa chini ya kamba, kidonda kile hakiji. Vijana wanaoendesha ile mikokoteni ndio wanaokaa kibanda umiza jioni. Wanajua jinsi jemadari anavyochapa, kwa sababu wameona. Jinsi ya kupumzisha mnyama hawajawahi kuonyeshwa. Umoja wa Afrika ulipitisha Februari 2024 punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15, jambo jema, lakini punda aliyeponea machinjioni anarudi kwenye kamba ile ile.

Mzee wa Ukerewe

Daktari, kwa punda hapo nimekuelewa. Mngeanza na punda tusingebishana.

Mleta mada, Nyegezi

Kijana, swali lako la pesa ni zito. Ninachoomba hakihitaji kamera mpya wala safari. Mtangazaji apewe ukurasa mmoja kabla hajaingia hewani. Tamthilia ikiisha, kabla ya tangazo, dakika tatu za mtu kama kaka wa Magu akieleza kwato, na wiki inayofuata daktari na lile gunia la punda. Hayo maelezo niko tayari kuyaandika bila malipo, daktari ayapitie yasiwe na kosa. Star TV iko hapa hapa Mwanza, redio zipo, na najua baadhi yenu mnaofanya kazi vituoni mnasoma humu. Semeni kinachowazuia ni nini, kama ni mkataba wa kipindi, kama ni mdhamini, au hamjaombwa tu. Mimi nimeshaomba.