Mchoro wa ukuta na wakazi wa mtaa, Iringa: vibali, vikao na rangi

Mwanasanaa_Iringa
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nafanya shahada ya uzamili ya sanaa. Utafiti wangu ni kuchora ukuta wa umma pamoja na wakazi wa mtaa mmoja wa Manispaa ya Iringa, nione kama kazi hiyo inawakaribisha watu kwenye historia ya mahali wanapoishi. Ukuta ni uzio wa ofisi ya mtaa, urefu mita 18, kimo mita 2.5, lipu ya saruji ya siku nyingi, na chini umetoa chumvi nyeupe. Vibali vinapita wapi? Nawaulizaje wakazi bila wote kunitajia Mtemi Mkwawa wa Wahehe na tembo? Rangi ninunue kiasi gani? Nafikiria kuanza Februari.

MtafitiSanaa
Februari acha, ndugu. Mvua inanyesha na watu wako mashambani. Utawapata wale wale wa kila kikao. Vikao fanya Aprili na Mei, ukuta ufuate kiangazi.

Barua ya utambulisho ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kisha Mtendaji wa Kata, halafu Mtendaji na Mwenyekiti wa Mtaa. Hiyo ni ruhusa ya kukusanya taarifa tu. Ruhusa ya kupaka ukuta ni nyingine, inatoka kwa mwenye ukuta, na iwe ya maandishi: vipimo, mchoro wenyewe, utakaa miaka mingapi, nani ana haki ya kuufuta. Bila karatasi hiyo, akija mtendaji mpya anapaka chokaa na huna la kusema.

Sasa maswali. Ukiuliza "mnataka tuchore nini?" utajibiwa Mkwawa, tembo na mwenge, maana ndiyo michoro ambayo watu wamezoea kuiona. Mkwawa ana nafasi yake. Kalenga, ngome yake iliyobomolewa na Wajerumani Oktoba 1894, haiko mbali na mjini, na fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954 liko pale makumbusho. Ila jibu hilo halikuambii chochote kuhusu mtaa *huo*. Uliza mahali. Kabla ya bomba, maji yalichotwa wapi? Njia ya mkato ya sokoni ilipita wapi kabla viwanja havijapimwa? Mti gani ulikatwa na mpaka leo watu wanautaja wakielekeza njia? Tembea nao, watu sita hadi wanane kwa msafara, wachore ramani wenyewe kwenye karatasi kubwa. Wazee peke yao, vijana peke yao, kina mama peke yao. Ukiwachanganya siku ya kwanza, mwenyekiti atasema na wengine wataitikia. Awepo na mtu anayejua Kihehe vizuri, maana vijito na mawe mengi wazee wanayajua kwa majina ambayo hayapo kwenye ramani yoyote.

FundiUyole
Mkuu, hiyo chumvi ndiyo itakayoamua kazi yako. Ni maji yanayopanda kutoka ardhini yakibeba chumvi za kwenye saruji. Yakikauka juu, chumvi inabaki na kusukuma rangi ibanduke. Pima kwanza: bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, iache siku nzima. Ikitoa jasho upande wa ukutani, usipake. Chimba mfereji nyuma ya uzio, ondoa udongo uliolundikana kwenye msingi, subiri ukauke.

Halafu kwangua chumvi kwa brashi la waya ukuta ukiwa mkavu. Ukianza kwa kuimwagia maji unairudisha ndani. Lipu iliyokufa (igonge, itasikika tupu) ibomoe uipige upya, kisha uipe siku 28 kabla ya rangi. Usikubali fundi akulainishie kwa jipsamu ya ndani. Ikipata mvua inalainika na inaondoka na mchoro wako. Wala usitumie rangi ya mafuta: lipu mbichi ina ukali unaoigeuza sabuni, na ukuta unabaki hauwezi kupumua.

Hesabu: 18 kwa 2.5 ni mita za mraba 45. Lita moja kwenye lipu laini hufunika mita 8 hivi kwa mkono mmoja, kwenye lipu ya kukwaruza 5 au 6. Kwa praima (rangi ya kwanza ya kushikilia) mkono mmoja chukua lita 8. Nyeupe ya maji ya nje, mikono miwili, chukua ndoo ya lita 20. Za kuchorea, nyekundu na njano za udongo, bluu, kijani na nyeusi, lita 4 kila moja zinatosha. Wekundu mkali na njano ya ndimu hupauka haraka kwa jua la huku juu. Za udongo hudumu. Zile rangi za chupa ndogo za kukolezea usizimimine ovyo, zikizidi rangi inabaki unga mkononi.

Sentimita 60 za chini zipake rangi moja ya udongo, usichore kitu. Mvua itarusha tope pale kila mwaka.

Juni na Julai asubuhi ni baridi mno, huku Mbeya ndiyo usiseme. Chini ya nyuzi 10 rangi ya maji haishikani vizuri. Chagua Agosti na Septemba, anza saa nne ukuta ukishapata joto, simamisha saa kumi jioni.

Mwanasanaa_Iringa
Asanteni sana, nimehamisha ratiba hadi Agosti. Kuna duka la rangi liko tayari kunichangia nikiweka nembo yao. Na msimamizi wangu anashauri tutumie michoro ya miambani ya Igeleke. Mnaonaje?

MtafitiSanaa
Nembo kataa. Ukuta wenye nembo unasomeka kama bango la biashara, na mabango hulipiwa. Zaidi ya hapo, wakazi wataacha kuuona kuwa wao. Mshukuru mchangiaji kwenye tasnifu.

Igeleke nenda na wakazi, kwa ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale. Kuna wanaomwagia mwamba maji ili picha itoke vizuri. Hiyo inaiharibu michoro, usiruhusu. Usiweke karatasi juu kunakili. Piga picha tu, jua likiwa pembeni. Na wakikaa wakaona michoro ile haina lao, iache, hata msimamizi akiipenda.

Kila toleo la mchoro lipige picha, andika tarehe, na nani alitaka nini kitolewe na kwa nini. Utafiti wako uko humo kuliko ukutani.

FundiUyole
Ukimaliza, bakiza nusu lita ya kila rangi kwenye makopo yaliyofungwa vizuri, uandike juu ni ya sehemu gani, umkabidhi mtu mnayekubaliana mtaani. Mei, mvua zikiisha, pitieni ukuta mzibe palipobanduka.