Nimenyimwa kibali cha usalama kwa ritani za kodi ambazo nililipia zijazwe!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, lugha mtanisamehe.

Nimebeba boksi Marekani miaka kumi na moja. Nikasoma IT usiku, nikachukua uraia wa huku, na mnajua maana yake: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo Utanzania wangu uliishia pale. Uliniuma. Lakini kazi niliyoitaka, kwa mkandarasi wa Wizara ya Ulinzi, inadai kibali cha usalama, yaani ruhusa ya serikali ya kugusa siri zake, na kibali hapewi asiye raia. Kazi nikaipata, nikaanza na kibali cha muda. Miezi tisa baadaye barua ikaja: Mwongozo F, mambo ya fedha. Ritani za kodi za 2019 na 2020 hazikupelekwa, na kodi yenyewe haijalipwa. Una siku 20 za kujibu.

Hazikupelekwa vipi? Miaka ile nilikuwa naendesha teksi za mtandaoni, kodi hukatwi, unajaza na kulipa mwenyewe. Nilimpa Mtanzania mwenzetu dola 250 kila mwaka anijazie. Sebuleni kwake, chai mezani, ananiambia "imeshaenda, mdogo wangu". Haikwenda popote! Kwa sheria ya huku, anayelipwa kuandaa ritani lazima awe na PTIN, namba ya utambulisho ya waandaaji wa ritani, na aweke sahihi yake. Yeye hakuweka popote, na mimi sikujua hata kwamba ni kitu cha kuuliza.

Kwenye ile SF-86, fomu ya kuombea kibali, sehemu ya 26, wanauliza kama ndani ya miaka saba uliwahi kuacha kupeleka ritani au kulipa kodi. Nikajibu hapana kwa moyo mweupe. Mpelelezi akanitazama kama mwongo.

Nikadhani shida ni ukubwa wa deni. Sivyo. Wanachopima ni kama unatii sheria wakati hakuna anayekusimamia. Hata mamlaka ya kodi yenyewe, IRS, faini ya kuchelewa kupeleka ritani ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, mpaka ifike 25. Kuchelewa kulipa ni nusu asilimia tu. Yaani ningepeleka ritani bila senti mfukoni, ningekuwa salama zaidi kuliko nilivyo leo.

Nilijitetea. Mama alikuwa anasafishwa figo Dar, risiti zote za pesa nilizotuma ninazo. Ugonjwa, kufiwa, kufukuzwa kazi, talaka, vyote vinakubalika kama sababu zilizo nje ya uwezo wako. Lakini jaji aliyesikiliza utetezi wangu akauliza: katika kipindi hicho uliwasiliana na IRS mara ngapi? Sikuwa na jibu. Mpango wa kulipa dola 300 kwa mwezi niliuanza baada ya barua, akasema nimeanza kwa kusukumwa. Kibali kikakataliwa, kazi ikaenda, na deni lile lile sasa nalilipa kwa mshahara wa ghala.

Na nyie wa magrupu ya WhatsApp mnaoshauri "usiandike, deni likipita miaka saba linafutika", acheni! Linafutika kwenye ripoti ya mikopo tu, na majaji wameshasema kutoonekana kwenye ripoti hakumaanishi limelipwa. Ukidanganya kwa kujua kwenye ile fomu ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka mitano. Mnawapeleka watoto wa watu jela kwa ushauri wa bure.

Mwaka mmoja lazima upite ndiyo niombe tena. Nyie mliomlipa mtu wa sebuleni, ingieni leo kwenye tovuti ya IRS mchukue transkripti, yaani muhtasari wa kumbukumbu zako za kodi, ya kila mwaka, ni bure, inaonyesha kama ritani ilipokelewa. Kaka, najua unasoma hapa. Jina lako silitaji, lakini wateja wako wengine wawili wameshanipigia simu, na fomu ya kukushtaki kwa IRS tunaijaza Jumamosi.