Grupu la msiba huwa linavunjwa lini?

Baba Wawili wa Tabata

Wakuu habari za majukumu. Naomba kuuliza kitu ambacho pengine mtaniona sina kazi ila kinanisumbua kweli. Hivi grupu la wasap la msiba linatakiwa livunjwe lini?

Mke wangu alifariki mwezi wa pili, presha ilipanda usiku na asubuhi hatukufika nae. Jioni yake nakuta nimeshaingizwa kwenye grupu linaitwa MSIBA MAMA WAWILI, watu mia mbili na kitu, mwenyekiti yupo, katibu yupo, mweka hazina yupo, wote washkaji wa kijiweni na majirani na wenzake wa kikoba, mimi sijateua mtu. Walipanga kila kitu, maturubai, viti, chakula, jeneza, Costa mbili za kwenda kwao Muheza, mpaka nani akae siti ya pembeni yangu. Tumezika, tumerudi, mweka hazina akatupia hesabu, salio 47,000. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, ndo utaratibu, simlaumu mtu. Nikajua na grupu lenyewe limeisha.

Sasa kama wiki tatu baadae, saa tatu usiku, wali uko jikoni haujakauka gesi ikakata. Hapo ndo nikagundua sijui hata anaetuleteaga gesi ni nani. Namba alikuwa nayo yeye, na simu yake inafunguka kwa kidole chake. Nikataka nimwandikie mdogo wangu "gesi imeisha watoto hawajala", kumbe nimetuma kule kwenye grupu la msiba. Nataka nifute naona watu washasoma. Dakika ishirini hazijafika bodaboda huyo getini na mtungi mdogo wa kilo 6, nyuma yake mweka hazina na kandambili zake, na mama mmoja wa kikoba kabeba hotpoti, ugali na mchicha. Hakuna aliyeniambia pole. Jamaa kafunga regyuleta, kapaka povu la sabuni aone kama inavuja, kakaa kwenye kochi tukaangalia marudio ya mechi ya Yanga mpaka saa sita usiku, na yeye ni Simba damu.

Tangu siku hiyo grupu limefufuka. Tumebaki 11. Jumamosi alfajiri kuna mmoja ana bajaji ananipitia tunaenda Feri kununua samaki, maana hiyo ilikuwa kazi ya mke wangu na mimi kibua na kolekole nilikuwa navijua vikiwa sahanini tu. Jumapili huyo mama wa kikoba anamsuka binti yangu hapo barazani.

Shida ni mbili. Dada yangu mkubwa kaona jina la grupu kwenye simu yangu kasema hiyo ni nuksi, grupu la msiba halikai miezi saba, litaita msiba mwingine, nilivunje. Ya pili mimi mwenyewe naona nawachosha watu, wana familia zao. Ila nikishika simu nibonyeze kutoka, mkono haubonyezi. Nyie mlifanyaje?

Mzee wa Kona

Pole sana mkuu. Kwanza kidogo tu usinichukie, mwanaume aliyefiwa na mke anaitwa mgane, mjane ni mwanamke, nasema kabla watu hawajaanza kuchanganya humu. Pili, usivunje kitu. Nuksi ni njaa. Badilisha jina la grupu, dada mtu aridhike, maisha yaendelee.

mama_Zakiem

Pole baba, Mungu akutie nguvu. Mimi niko Mbagala, mume wangu ana miaka miwili sasa tangu atangulie, nikusimulie ya kwangu ujue ulichonacho.

Letu lilifungwa siku ya tatu. Mweka hazina aliandika ahsanteni kwa michango yenu grupu linafungwa saa kumi na mbili jioni, na kweli saa kumi na mbili nilikuwa nimeshika simu naangalia fulani ametoka, fulani ametoka, fulani ametoka, nilikuwa nahesabu kabisa kama mwehu. Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Wakati wa eda sikuwa mpweke, wanawake wa mtaani walikuwa wanapokezana, huyu kaleta uji, yule kaja kukaa tu. Eda ilivyoisha nikadhani sasa ndo naanza kuishi, kumbe ndo watu wanaisha. Mashoga zangu wa damu kabisa wakaanza kuniangalia jicho lingine, nikisalimiana na mume wa mtu imekuwa kesi, harusini siitwi meza moja nao. Hili la wajane wa kike halisemwi ila lipo sana Dar hii, nyie wanaume mkifiwa mnaletewa ugali, sisi tunachungwa.

Alibaki mmoja. Huyo kila siku saa kumi na moja alfajiri ananipigia, maana marehemu alikuwa dereva wa daladala na ndo saa yake ya kutoka nyumbani, na alijua ndo saa ninayoshtuka. Hana maneno. "Umeamka?" Nimeamka. "Haya." Anakata. Mwaka mzima alifanya hivo. Kama angeniuliza namchosha au simchoshi ningemwambia usipige tu dada pumzika, na ningekuwa nimeongopa.

Kwa hiyo usiwaulize kama wamechoka. Mtu akichoka mwenyewe haji.

Konda Mstaafu

Mimi ntakuwa tofauti kidogo mnisamehe. Kaka miezi saba ni mingi. Msiba ni wa wote ila nyumba ni yako. Hao watu 11 wanakubeba leo, kesho mmoja akiumwa utakuwa wapi? Je ushawahi kwenda kwa huyo mwenye bajaji ukamkuta na shida yake? Maana kuna watu wakifiwa wanageuka wageni rasmi wa mtaa, wao ni kupokea tu. Sijasema ndo wewe. Afu gesi we hujui inauzwa wapi miaka yote hiyo, hilo nalo si la marehemu, ni letu wanaume.

mama_Zakiem

@Konda Mstaafu hapo mwisho umesema kweli tupu, kwingine punguza ukali, mtu ana kidonda.

Dada wa Karatasi

Pole kaka. Mi naenda pembeni kidogo na swali ila ni muhimu. Umeshachukua cheti cha kifo RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo? Maana wengi wanabaki na kibali cha mazishi wanadhani wamemaliza. Kama mama alikuwa na akaunti benki au hela nyingine yoyote, bila cheti hicho na bila kuteuliwa msimamizi wa mirathi hawakupi hata mia. Mnakaa kikao cha ukoo, mnaandika muhtasari, wote wanasaini, mnaenda kuomba mahakamani. Na kikoba ulizia hisa zake mapema, wengine wanasahaulika mpaka siku ya kuvunja kikoba. Hapa ndo utumie hao 11, usiende mahakamani peke yako, mimi nilienda peke yangu nikaitwa "mke wa marehemu" na karani mbele ya watu, nikatoka nje nikalia kwenye mwembe, karatasi zote zikaloa nikaanza upya.

Baba Wawili wa Tabata

Ahsanteni sana, nimesoma yote, nyingine nimerudia mara mbili.

Dada wa Karatasi, cheti sijachukua, kibali ndo nnacho kwenye droo, nilikuwa najua tayari. Jumatatu naenda. Mmoja wa wale 11 kasema ananipeleka.

Konda, umenichoma ila haki yako. Nimemuuliza mwenye bajaji leo tukiwa Feri, akajibu mambo safi, nikamng'ang'ania, ndo akafunguka kwamba mama yake yuko hoi kijijini wiki ya pili na yeye hajasema popote. Wiki ya pili! Na Jumamosi zote mbili kanipitia. Nimeandika kwenye grupu, nikamwambia mweka hazina ile 47,000 ambayo tulikuwa tunarushiana mpira iende kwa mama yake, na wengine wameongezea, imefika kama laki na themanini hivi mpaka sasaivi. Kesho anapanda basi.

Mama Zakiem, sijawauliza kama wamechoka.

Mzee wa Kona

Safi sana mkuu. Na jina umebadilisha?

Baba Wawili wa Tabata

Katibu kabadilisha bila kuniuliza, sasa linaitwa GESI. Picha ni ile ile ya mama watoto na kitenge chake cha njano, hiyo nimewaambia wasiiguse.