Naomba ushauri: Mama kukandwa kwa mafuta ya uvuguvugu huko Kerala

Wanajamvi, heshima kwenu. Mama yangu ana maumivu ya magoti ya muda mrefu, na dada yangu anayeishi Kerala, India, anataka ampeleke akafanyiwe abhyanga, yaani masaji ya mwili mzima ya Ayurveda (tiba ya jadi ya India), ambayo aghalabu hutumia mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mitishamba kisha yakapashwa moto kiasi. Kwamba hulegeza misuli na kumtuliza mtu, sina ubishi; madai ya kuondoa sumu mwilini ndiyo yanayonitia shaka. Hofu yangu kubwa ni kwamba mama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na akikandwa kwa nguvu anaweza kuvilia damu. Waliowahi kutibiwa huko, je, mgonjwa hupimwa na daktari kwanza?