Bango la kongamano la programu huria: tupeane uzoefu

Wakuu, habari. Wale mlioomba kuzungumza kongamanoni mkaambiwa "njoo na bango", mpo? Mimi nilinuna siku mbili, kisha nikalitengeneza kwa hasira usiku mmoja. Walitaka A0, yaani milimita 841 kwa 1189. Nikachukua skrinshoti ya teminali, lile dirisha la kuandikia amri, yenye upana wa pikseli 1200, nikaitandaza bango zima. Piga hesabu: ni kama pikseli 36 kwa inchi. Kwenye laptopu ilikuwa safi, ukutani herufi zikawa matofali. Na kwa kuwa teminali yangu ni nyeusi, karatasi ililowa wino hadi ikajikunja. Mtu wa kwanza kusimama aliniuliza, "Hii ni ramani?"

Leteni yenu.

#2
Pole mkuu, ila nimecheka. Teminali haipigwi picha, unanakili maandishi yenyewe. Michoro iwe SVG, yaani ya mistari badala ya pikseli, hata ukiikuza mara kumi haitoi matofali. Mimi nachorea kwenye programu ya Inkscape, na kabla ya kwenda kuchapa naitoa kwanza kwenye A4. A4 ni robo ya A0 kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo herufi ya pointi 24 inabaki 6. Nikishindwa kuisoma nimeishika mkononi, aliyesimama hatua mbili ataisomaje? Mara ya kwanza nilifuta nusu ya maneno. Inauma jamani.

#3
Mie ni msimbo wa QR, ule wa kuskani kwa simu. Niliielekeza kwenye faili lililokuwa kwenye tawi langu la majaribio, yaani nakala ya pembeni ya mradi. Asubuhi ya maonyesho mwenzangu akaunganisha kazi, akafuta tawi, kama adabu inavyotaka. Watu wanaskani, wanapata 404 (ukurasa haupo), wananitazama. Siku hizi naielekeza kwenye anwani yangu mwenyewe. Faili likihama nabadilisha kwenye seva, karatasi haina habari.

#4
Bango langu la kulala, ubao wao wa kusimama. Pande zote mbili zilipepea kila mlango ulipofunguliwa. Someni maelekezo, sina la ziada.

#5
Langu halikuwa kosa la uchapaji. Niliweka jina langu peke yake juu, kubwa, wachangiaji wengine nikasema nafasi haitoshi. Akaja jamaa mmoja, akasoma mchoro wa kashe (hifadhi ya muda ya data) taratibu, akaweka kidole kwenye kisanduku cha kufuli, ile inayozuia wawili kugusa data kwa wakati mmoja: "Hapa umekosea. Kufuli inashikwa kabla ya kusoma, siyo baada." Nikaanza kubisha. Akasema, "Niliiandika mimi."

Miaka tunajibizana kwenye repo (hifadhi ya msimbo wa mradi) kwa majina ya bandia, sura yake sijawahi kuiona! Nikampa kalamu, akarekebisha mshale, nikamwomba aandike na jina lake. Bango ninalo mpaka leo, na mshale wake wa bluu.

#1
Mkuu #5, ubishi wa kufuli uliisha?

#5
Kwenye mchoro alikuwa sahihi. Kuhusu kama kweli lazima ishikwe mapema hivyo, tulifungua tiketi ya kulijadili pale pale. Bado iko wazi.